Kijivu Hiki na Kijivu Kile

Mpenzi msomaji, kabla hujafunua kurasa za mbele kutafuta vichekesho, hebu itazame sketi yako. Kama u mvulana, itazame suruali. Ni ya kijivu, sivyo? Sasa itazame ya jirani yako. Yake pia ni ya kijivu. Ziweke goti kwa goti, halafu uniambie kama hicho ni kijivu kimoja. Ya yule aliyejiunga na shule juzi ina weusi wa wingu la mvua. Ya yule wa Kidato cha Nne, iliyofuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa juani miaka minne, imekuwa kama jivu la jikoni. Zote mbili mwalimu wa zamu huziita sare na maisha yakaendelea.

Nami nilikuwa miongoni mwa wale wanaodhani kijivu ni kijivu. Mhariri aliponitaka niandike habari za likizo, nilifikiria harusi ya binamu yangu, lakini harusi zimeandikwa katika jarida hili hata pilau imeisha ladha. Basi nitaandika juu ya rangi mbili za ukuta zilizotutoa kijasho chembamba, mimi na baba yangu, kule Ngong mnamo Agosti 2024.

Baba yangu ni fundi wa rangi. Ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuisomea popote ila kwenye ngazi. Likizo ikifika mimi humfuata kazini kama mkia. Napiga msasa, naziba nyufa, natandika magazeti sakafuni, nakoroga rangi. Wapo wanaoshangaa kumwona msichana juu ya ngazi na rola mkononi. Wacha washangae, karo haiulizi imelipwa na nani.

Kazi ya Ngong ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa amemaliza kujenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Hakutaka rangi ya krimu, ati hiyo ni rangi ya ofisi ya chifu. Alitaka kijivu, kama alivyoona kwenye simu. Alitujia na kadi mbili ndogo za dukani, kila moja haizidi ukubwa wa kiberiti. Majina yake yalikuwa marefu, ya Kizungu, wala sitayataja. Mimi niliyabadilisha kimoyomoyo papo hapo: moja nikaiita Mawingu, ya pili nikaiita Majivu.

"Fundi," akauliza, "hizi mbili zina tofauti gani?"

Baba alizishika mbali na uso, akazivuta karibu, akazigeuza dirishani.

"Mama, hii na hii ingine ni kitu moja tu. Ni vile wenye kuuza wanapenda majina mingi."

(Wanachama wa Chama cha Kiswahili mnisamehe. Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi sina desturi ya kumsahihisha baba yangu mbele ya wateja.)

Lakini mimi niliona tofauti. Mawingu ilikuwa na ubuluu ndani yake, kama anga ya asubuhi ya Julai. Majivu ilikuwa na umanjano wa mbali, kama jivu la kuni lililochanganyika na udongo. Nilifunga mdomo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na baba ana macho mawili na miaka thelathini ya kazi. Mimi nani?

Mama mwenye nyumba hakuridhika. Hapo ndipo Baba alipoonyesha ufundi wake, nami naomba niukalie kidogo ufundi huo, kwa maana hautajwi katika somo lolote tunalofundishwa hapa.

"Kadi ni mwongo," alisema. "Kadi ni ndogo, na ukuta ni mkubwa. Tupake mbao."

Alinunua kopo dogo la kila rangi, nami nikakata vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja upana wa mlango wa kabati. Nikavipaka andakoti nyeupe, kisha rangi mikono miwili, huku nikiacha ukanda mweupe pembezoni. Ukanda huo una kazi yake. Rangi ikikaa karibu na rangi nyingine huibadilisha. Ukiweka kijivu kando ya ukuta wa krimu, kijivu huonekana kibuluu kuliko kilivyo. Ukikiweka kando ya kiti chekundu, huanza kuelekea kijani. Baba anayajua hayo kwa mkono tu. Baadaye nilisoma maktabani kuwa mwanakemia Mfaransa aitwaye Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka wa 1839. Watu walikuwa wakilalamika kwamba uzi wake mweusi umefifia. Akachunguza, akaona uzi hauna kosa. Kosa lilikuwa la rangi zilizofumwa kando yake. Baba hajawahi kumsikia Chevreul, na wala hakumhitaji.

Tulipokuwa tukingoja mbao zikauke, Baba alinieleza kijivu kinavyopikwa. Rangi nyeupe ukiitia nyeusi peke yake, unapata kijivu chenye baridi, kinachoegemea buluu. Ukitaka kukipa joto, unatia tone la manjano ya udongo au la nyekundu ya udongo. Ni tone tu, lakini tone hilo ndilo nyumba yote. Nyuma ya zile kadi mbili palikuwa na namba za kiasi cha mwanga ambao ukuta hurudisha chumbani, ambapo 0 ni nyeusi ti na 100 ni nyeupe pepepe. Moja ilikuwa 60 na nyingine 58. Yaani kwa weupe na weusi hazikuachana hata hatua. Tofauti yote ilikuwa imejificha katika lile tone.

Siku nzima iliyofuata nilizibeba mbao zile kama mwuza picha. Mama mwenye nyumba alinifuata nyuma na daftari, akiandika.

Saa mbili asubuhi, chumba cha kulala cha upande wa magharibi. Mbingu ya Agosti ilikuwa imefunga, ile baridi ya Ngong mnaijua. Mawingu iligeuka buluu waziwazi. Mama akasema chumba kimekuwa kama zahanati. Majivu, kwa mshangao wangu, ilionekana kijivu safi, bila umanjano wowote.

Saa sita na nusu, sebuleni. Mawingu ya angani yalikuwa yamepasuka na jua likaingia. Hapa lazima niseme jambo. Yule mama alikuwa amesoma mahali kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini hakipati jua, kwa hiyo kipakwe rangi yenye joto. Ushauri huo ni wa Ulaya na Marekani. Sisi tuko mlangoni mwa ikweta. Ngong iko kusini yake kidogo tu, na jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Agosti ile, dirisha la kaskazini ndilo lililokuwa likipigwa na jua. Tena nje yake hapakuwa na nyasi bado, palikuwa na udongo mwekundu mtupu uliochimbwa na wajenzi, na wekundu ule uliruka na mwanga ukaingia nao ndani. Majivu ikawa kama chai ya maziwa. Na Mawingu? Ubuluu wake ulilambwa wote na udongo ule, ikasimama pale kijivu kitupu, kizuri, kama jiwe la mtoni.

Kumbe kila moja ilikuwa na saa yake ya kuwa kijivu.

Usiku tukaziweka chini ya balbu. Kwenye ushoroba palikuwa na balbu ya manjano. Majivu ikafanana na karatasi ya kitabu cha zamani, na Mawingu ikapoteza nusu ya ubuluu wake. Sebuleni palikuwa na balbu nyeupe moja tu, tena hafifu. Chini yake zilikaribiana mno, hata mimi nikalazimika kuzisogelea kwa pua. Mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza shule zilipofunguliwa kwamba boksi la balbu huandikwa kelvini: 2700 ni mwanga wa manjano, 6500 ni mwanga mweupe wenye ubuluu, na kwamba rangi mbili zinaweza kupatana chini ya mwanga mmoja na kukosana chini ya mwingine. Akaniuliza ninataka kujua kwa nini. Nikamwambia ni hadithi ndefu.

Muda huo wote Baba alikuwa akitufuata, akitabasamu. "Mnaona mambo," alikuwa akisema. "Nyinyi mnaona mambo." Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Uamuzi ulikuwa wa mama: Mawingu sebuleni na kwenye ushoroba, Majivu vyumba vya kulala. Zikaja ndoo mbili za lita 20, zinazofanana kama mapacha. Baba akaandika kwa makaa juu ya vifuniko: S ya sebule, V ya vyumba.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inasita.

Siku ya tatu ya kupaka, baada ya chakula, Baba aliniambia nizikoroge ndoo zote mbili. Sebule ilikuwa imebakiza ukuta mmoja tu, ule mkubwa unaotazamana na dirisha. Nilifungua ndoo zote, nikakoroga, nikafunga, nikaenda chumbani kukata pembe kwa brashi na kopo langu la Majivu. Baba akafungua ndoo yenye S, akamimina kwenye trei, akaanza. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, wingu limefunga tena, na ile balbu moja inawaka.

Nilipita hapo kwenda kuosha brashi. Nikauona ukuta. Nikahisi kitu, msomaji, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Lakini rangi hii ya maji ikiwa mbichi haifanani na iliyokauka. Ikikauka kwa kawaida hukolea. Nikajiambia: haijakauka hiyo. Nikaosha brashi.

Asubuhi yake jua lilitoka mapema, kwa nadra. Mama mwenye nyumba ndiye aliyetufungulia mlango. Hakuamkua.

"Fundi, huu ukuta ni wa nyumba gani?"

Kuta tatu zilikuwa kijivu cha jiwe. Wa nne ulikuwa chai ya maziwa.

Baba alitazama. Akaenda karibu. Akaweka kiganja chake juu ya ukuta, kama anavyomgusa mtoto mwenye homa. "Mbona?" akasema. "Uko sawa." Kisha akageuka kunitazama. Baba huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mamaye. "Mama," akasema, "si uko sawa?"

Katika miaka yote ya kubebana na ngazi, hakuwa amewahi kuniuliza rangi. Huniambia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hapana, Baba. Hiyo ni ile ya vyumba."

Hakujibu. Aliondoa mkono ukutani, akautazama, kana kwamba rangi ingekuwa imebaki kiganjani imweleze.

Yatokanayo nayapita haraka. Mama yule alizuia salio mpaka ukuta urudiwe, na alikuwa na haki. Ilibidi tuupake wote upya kutoka pembe hadi pembe, maana ukuta wa rangi haushonwi kiraka katikati. Kiraka huonekana milele. Mawingu iliyosalia kwenye ndoo ilitosha. Lakini Majivu ikapunguka, tukanunua kopo la lita 4 kutoka mfukoni mwa Baba. Siku mbili za kazi hazikulipwa. Hizo zilikuwa fedha za nauli yangu ya kurudi shuleni na za viatu vyangu, na kama mlinishangaa muhula wa tatu nikija na viatu vyenye mdomo wazi, sasa mnajua.

Tukiwa kwenye matatu kurudi nyumbani nilimweleza. Nilimwambia kuwa ni mimi niliyefunga zile ndoo, na kwamba bila shaka nilivipishanisha vifuniko. Nilimwambia pia kwamba niliuona ukuta jioni ile na nikanyamaza. Nilingoja anikemee. Matatu ilikuwa imejaa, redio inapiga kelele, na yeye alikuwa akitazama nje.

"Kifuniko hakina macho, mama," akasema hatimaye. "Ni mimi nafaa kujua rangi, si kifuniko."

Tukapita vituo viwili. Kisha akasema, polepole, kwa lugha ya nyumbani, kwamba tangu mwaka uliotangulia anaona kama mtu anayeendesha gari lenye kioo cha vumbi. Alidhani ni uzee. Alikuwa na miaka 58. Hakutaka kusema kwa sababu nani atampa kazi fundi wa rangi asiyeona rangi?

Usiku huo nilizitoa zile mbao mbili. Nilikuwa nimezibeba, sijui kwa nini. Nikazisimamisha mezani. "Ipi ni ipi?" nikauliza. Akacheka kidogo, akaonyesha moja. Alikosea. Nikazificha nyuma yangu, nikazitoa tena. Akapatia. Mara ya tatu akakosea. Mama yangu akanipokonya zile mbao na kuniambia nikalale.

Shangazi alimpeleka Baba kliniki ya macho kule Kikuyu mimi nikiwa shuleni. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari aliwaeleza, na Shangazi akanieleza mimi, kwamba lenzi ya jicho inapozeeka hivyo haifanyi ukungu tu. Hugeuka manjano, hata hudhurungi, na kuuzuia mwanga wa buluu usipite. Niliposikia hivyo nilikaa kitako kitandani bwenini. Ubuluu! Si ndicho kitu pekee kilichoitenga Mawingu na Majivu? Ukiuondoa ubuluu, zinabaki 60 na 58, mtu na pacha wake. Baba hakuwa mkaidi, wala hakuwa akidanganya mteja. Alisema alichokiona: kitu moja tu. Na kwa kuwa ukungu ule huja kidogokidogo, hapana siku hata moja ambayo angeamka na kusema leo sioni kama jana. Hata Claude Monet, yule mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alipatwa na hayo hayo na akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka wa 1923. Baba yupo pamoja na wakubwa.

Ndugu walichanga. Jicho la kwanza lilipasuliwa Novemba, tulipokuwa tumefunga shule. Waliondoa ile lenzi ya zamani, wakaweka ndogo ya plastiki, na jioni akalala nyumbani. Kesho yake walimwondoa bandeji. Akarudi saa saba mchana, miwani ya jua usoni, kaka yangu akimshika mkono naye akimsukuma kaka yangu, ati yeye si kipofu.

Alikaa sebuleni, akavua miwani.

"Leteni zile mbao."

Nikazisimamisha mezani. Alizitazama kwa muda. Akaufunika mkono juu ya jicho jipya, akatazama kwa la zamani. "Kitu moja," akasema. Akahamisha mkono, akatazama kwa jipya. Kimya. Akarudisha mkono. Akauhamisha tena. Alifanya hivyo mara tano au sita, kama mtoto anayecheza na swichi ya taa.

"Vitu mbili," akasema. "Hii iko na buluu. Mama, hii iko na buluu kabisa!"

Akainua kichwa. Hapa yafaa mjue kwamba nyumba yetu, kama nyumba za mafundi wote, hupakwa mabaki ya kazi za watu. Lita mbili za hapa, lita moja ya pale. Baba aliipaka sebule yetu kijivu mwaka wa 2023, kwa makopo matano tofauti, na alipomaliza alisimama katikati ya chumba akajisifu kwamba hata mwenye duka asingeweza kuyatenga. Sisi wengine tulitazamana. Ukuta mmoja ni wa kibuluu, wa pili una ukijani, na ule wa mlangoni una mawimbi kama chui. Tulizoea. Wageni walidhani ni mtindo.

Jicho jipya lilizunguka chumba polepole, ukuta kwa ukuta, mpaka likafika mlangoni.

"Nani alipaka huu ukuta?"

Mama alikuwa ameshika sufuria. Ilibidi aiweke chini.

"Ni wewe, Baba watoto."

"Mimi?"

"Wewe. Ukatuambia tukushangilie."

Baba alisimama, akaenda akaweka kiganja ukutani. "Na mkanyamaza," akasema. "Nyote. Mkanyamaza mwaka mzima." Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, nami nikashindwa kujua anacheka au analia, kwa sababu hata mimi sikujua ninafanya lipi.

Daktari alikuwa amemkataza kuinama na kuingia katika vumbi kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alijiwekea kiti katikati ya sebule, akavaa miwani yake, na akanituma dukani nikalete msasa.